Maporomoko ya Mtaa wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimesafiri! Yaani, nimetoka nyumbani na sanduku. Mke wangu kanisindikiza hadi mlangoni, binti yangu kanipungia mkono, nami nikakaza mwendo kama mtu anayewahi basi. Nikakata kona, nikakata nyingine, nikaingia kwa mlango wa nyuma wa studio ya picha ya rafiki yangu Tabasamu. Hata jasho halikunitoka.

Lawama zote ni za shemeji, kaka wa mke wangu, fundi mitambo wa meli. Jana tukiwa tunakula mchana alipiga simu ya video akatuonyesha milima yenye theluji. Mezani wote midomo wazi. Mama mkwe akanigeukia, akauliza mimi nimefika wapi. Mimi ni fundi wa makochi. Nimefika chini ya makochi mengi. Basi neno likaniponyoka: kampuni ya magodoro imenialika kwenda kuona maporomoko ya maji, siku tano, kila kitu juu yao!

Hata mama mkwe aliacha kutafuna! Ila mke wangu aliuliza polepole kama mwaliko ni wa watu wawili. Nikasema ni wa mtu mmoja. Akaendelea kuondoa sahani.

Jumanne, 4 Machi

Tabasamu nimesoma naye tangu hatujui kufunga viatu. Jina alipewa kwa sababu siku nzima anawaamuru watu watabasamu, ilhali yeye ana uso wa mtu aliyekalia msumari. Kanitandikia godoro nyuma ya taa zake. Kasema mimi ni mjinga wa kudumu. Kisha akauliza nitakula nini. Huyo ndiye rafiki.

Leo kazi. Ana maturubai yaliyochorwa, watu husimama mbele ya hayo wakipigwa picha: bustani, ngazi za kasri, ndege ya abiria yenye bawa moja. La maporomoko lilikuwa chini kabisa, limejaa vumbi. Tukalitundika. Maji meupe, mawe, na ndege mmoja mnene kupita kiasi. Nikavaa koti la mvua. Tabasamu akaninyunyizia maji usoni kwa chupa yake ya kupigia pasi, kwa raha iliyozidi kipimo. Picha nikaituma kwenye kundi la familia. Shemeji akajibu kwa neno moja tu la pongezi. Wivu huo!

Mke wangu hakuandika kitu.

Jumatano, 5 Machi

Kusafiri ni mateso. Tabasamu anakoroma. Chai yake ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Nimeukumbuka mto wangu, kiti changu cha dirishani, hata mlango wetu wa jikoni unaolia kila ukifunguliwa. Watoto walipotoka shule nilichungulia, nikamwona binti yangu anapita, soksi moja imeshuka. Nikataka kugonga kioo. Tabasamu akanikumbusha kwamba niko mbali sana.

Nikapiga simu nyumbani. Nikamwambia mke wangu asikilize maji yanavyonguruma. Tabasamu akatikisa bati. Mke wangu akauliza kama ni mazuri. Nikasema mazuri mno. Akasema haya, akakata. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mafua. Nimemtumia ujumbe wa kumpa pole ya mafua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekamatwa!

Nilikuwa nimekaa mbele ya maporomoko napaka mkate siagi, mlango ukafunguliwa. Mke wangu! Amebeba picha yetu ya harusi, ile ya sebuleni, na fremu yake. Nikaruka nyuma ya turubai. Miguu ikabaki nje. Akaniambia nitoke, chai inapoa.

Akaiegemeza picha kwenye kiti. Sisi wawili, vijana, wembamba, mbele ya maporomoko. Haya haya! Ndege mnene yule yule! Na katikati ya maji, mshono wa uzi mwekundu. Hapo nikakumbuka. Siku ya harusi niliegemea nyuma nionekane mtanashati, nikapitiliza, turubai likachanika. Tabasamu alikuwa ndiyo kwanza amefungua studio, nusura alie. Nikalishona palepale, nikiwa nimevaa suti yangu ya harusi, kwa sindano ya makochi. Nani anakwenda kuoa na sindano ya makochi mfukoni? Mimi. Na nani anasahau mshono wake mwenyewe? Mimi pia.

Tabasamu akakumbuka ana shughuli stoo.

Nilijua fremu itatua kichwani. Badala yake mke wangu akakaa kwenye godoro akacheka, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakakataa kukoma. Akasema siku ile, wakati nashona, nilimwahidi tutakwenda kuyaona ya kweli, wawili. Siku zote hizi amekuwa akilia jikoni akidhani nimeyaona bila yeye. Jana akifuta vumbi picha ya harusi ndipo akauona mshono, ule ule wa kwenye picha niliyotuma. Furaha aliyoipata! Kumbe mumewe ni mwongo tu.

Niliona aibu. Si aibu ya kukamatwa, hiyo nimeizoea. Nikamshika mkono nikamwomba radhi. Nikamwambia tutakwenda, wawili, na nikaapa sitadanganya tena. Tabasamu akatoka stoo akatupiga picha: sisi wawili, wanene sasa, mbele ya maji yale yale.

Mlango wa jikoni ulipolia, nusura niubusu.

Jumapili, 9 Machi

Mimi ni mtu mpya. Mke wangu amenisitiri, hajasema neno mbele ya mama yake. Nilikusudia kukiri mwenyewe baada ya matunda.

Shemeji akapiga simu. Akasema kweli nimemzidi. Bandari zote hizo yeye huziona kupitia kidirisha cha chumba cha mitambo, hata ile milima aliiona hivyo hivyo. Akaomba picha nyingine ya maporomoko, kubwa, ya karibu, aibandike kando ya mashine. Mama mkwe akanitilia pande kubwa la nyama, mara ya kwanza tangu nioe.

Nikafungua kinywa nikiri. Nikajisikia nasema kwamba ninazo nyingi, hata za upande wa pili wa maji.

Mke wangu akaweka sahani chini.

Nimemwambia natoka kununua uzi. Si uongo, nimeununua. Sasa niko studio, Tabasamu ameshika taa, nafumua ule mwekundu kwenye turubai. Nashona upya kwa mweupe. Hautaonekana hata kidogo.