Mama Mkwe wa Nusu Bei

Jumamosi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimempa Lorna zawadi: safari ya kwenda Montana kuteleza thelujini, familia nzima! Hakulia kwa furaha. Aliuliza safari hii nimefanya ujanja gani. Miaka kumi na saba ya ndoa, na imani yenyewe ndiyo hiyo. Akanikumbusha likizo iliyopita, ile tuliyolala kwenye gereji ya binamu yangu kule Omaha. Akasema hii nayo ikiharibika, ijayo atakwenda yeye na watoto, mimi nitabaki hapa Fargo na kikokotoo changu. Alitabasamu alipokuwa anasema. Tabasamu baya.

Hajui anaongea na bingwa. Mlima wa Lost Mule, huko Montana, una ofa: mwenye miaka themanini na kuendelea anateleza bure, na jamaa walioandamana naye wanalipa nusu. Watu wengine wangehangaika kutafuta mzee. Mimi ninaye! Mama mkwe wangu, Solveig. Themanini na tatu, mzima wa afya, na hanipendi.

Nikampigia simu. Nikasema tumemkumbuka mno, watoto wanalilia bibi yao. Akauliza: “Vernon, hiyo nusu bei inaanzia miaka themanini au themanini na tano?”

Kumbe naye anasoma matangazo. Akatoa masharti: kiti cha mbele, chumba chake peke yake, na nisipige mluzi njiani. Nimekubali yote. Bado nimeokoa pesa.

Jumapili, 15 Februari

Njiani kutwa nzima. Mama mkwe mbele, miguu kainyoosha kama malkia. Lorna na watoto nyuma, skii, zile mbao ndefu za kutelezea, zimelazwa mapajani mwao, kwa sababu kile kichanja cha kubebea skii juu ya gari wanakikodisha kwa bei ya wizi. Skii zenyewe mitumba ya kanisani. Za Tessa hazifanani: moja ya bluu, nyingine imeandikwa jina la mtu anayeitwa Curtis. Ana miaka kumi na mitano. Amesema afadhali afe. Otto, wa miaka tisa, hana neno. Zake zinafanana.

Chakula: mayai ya kuchemsha na mikate ya siagi ya karanga, kutoka nyumbani. Niliviweka kwenye buti la gari visiharibike. Havikuharibika. Viliganda. Mama mkwe aligonga yai kwenye dashibodi, likalia kama jiwe. Akaliangalia, akasema, “Marehemu mume wangu alikuwa bahili. Lakini tulikula.”

Tumefika gesti. Chumba kimoja cha mama mkwe, kimoja chetu sote. Vitanda vimejaa. Mimi nalala bafuni, ndani ya hodhi la kuogea. Linanitosha nikikunja magoti.

Jumatatu, 16 Februari

Mpango ulikuwa safi. Mama mkwe achukue tiketi yake ya bure, akae mgahawani afume soksi, sisi tuteleze kwa nusu bei. Yaani wao wateleze. Mimi ningekaa garini. Tiketi isiyonunuliwa ndiyo rahisi kuliko zote!

Karani wa tiketi, binti anayeitwa Marisol, akaubomoa mpango wote huku akitabasamu. Mzee lazima ateleze kweli. Tiketi zetu zimefungwa kwenye yake. Yeye asipopanda lifti, vile viti vya kwenye waya vinavyopandisha watu mlimani, zetu zinagoma. Nikamweleza kwamba mama anateleza moyoni. Marisol akasema lifti haisomi mioyo.

Nikaanza kumbembeleza mama mkwe. Hakungoja nimalize. Amekulia shambani kaskazini mwa Minnesota, alikuwa anakwenda shule kwa skii, kwani nilidhani nini? (Sikudhani chochote. Sijawahi kumuuliza.) Atapanda. Ila atapanda na mimi. Kila mara. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba sina skii.

“Wanakodisha pale, mkwe wangu,” akasema. “Nimeshakuulizia.”

Bei ya skii, viatu na kofia siandiki. Mkono unakataa.

Kushuka kwenye lifti nilianguka, nikaanguka na daktari wa meno kutoka Boise. Wakaisimamisha lifti. Watu wakabaki wananing’inia hewani, wananizomea. Mama mkwe akateremka mlima akikata kona taratibu, kama fundi cherehani anayefuata chaki. Mimi niliteremka kwa makalio. Nilipojaribu kuinuka akanipigia kelele kutoka chini: “Usisimame, Vernon! Hivyo hivyo unakwenda vizuri!”

Jumanne, 17 Februari

Siwezi kukaa. Nimebuni dawa: mama mkwe apate mtu mwingine wa kupanda naye. Pale mgahawani kuna mzee anaitwa Emil Tschirhart, miaka themanini na moja, amefiwa na mke, zamani alikuwa mwokoaji kwenye mlima huu huu. Nikamnong’oneza kwamba mama mkwe wangu anamsifia sana. Nikaenda kumnong’oneza mama mkwe hivyo hivyo. Mara wanacheka. Mara Emil kamnunulia supu! Chakula cha mchana cha mtu mmoja kimeokolewa. Wakaondoka pamoja kwenda kupanda lifti. Nikaenda garini kulala.

Niliamshwa na upepo. Theluji inashuka nzito, mlima hauonekani. Lifti zimefungwa. Lorna na watoto wakashuka, Lorna akauliza mama yuko wapi. Nikasema yuko katika mikono salama. Ya nani? Nikasema ya mzee mmoja wa mgahawani.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema polepole, “Umemkabidhi mama yangu kwa mtu usiyemjua, katika dhoruba, kwa ajili ya bakuli la supu?”

Waokoaji wakapanda na mashine zao za theluji. Nilisimama chini ya mlima nikitafuta taa. Hakukuwa na taa. Nilimtamani mama mkwe atokee anitukane, tusi lolote lile. Otto akanishika mkono, akauliza kama bibi amekufa. Nikamfunga zipu ya koti hadi kidevuni. Hili siliandiki kwa kuchekesha.

Giza lilikuwa linaingia walipoletwa, wamejifunika blanketi moja nyuma ya mashine, wanaimba kwa Kinorwe, lugha ya wazazi wa mama mkwe. Walikuwa kwenye kibanda cha waokoaji huko juu. Emil bado ana ufunguo. Wamekaa karibu na jiko la kuni wanakula jibini. Lorna akamkumbatia mama yake, akalia. Mama mkwe akasema hajapata siku nzuri kama hii tangu Harald wake afariki. Kisha akanipapasa shavu na glavu yenye barafu: “Asante, mwanangu.”

Sikujua niyapeleke wapi macho yangu.

Jumatano, 18 Februari

Mama mkwe hapandi. Kifundo cha mguu kimevimba kidogo, na Emil amemkaribisha kwake hadi mwisho wa mwezi. Ameshafungasha! Bila yeye, tiketi ni bei kamili. Nikapendekeza tujenge sanamu ya theluji nyuma ya gesti, burudani ya bure kabisa. Lorna akanyoosha mkono tu. Nikampa kadi ya benki. Akanunua tiketi nne, chipsi, chokoleti ya moto yenye krimu juu, akamkodia Tessa skii mbili zinazofanana. Nikafungua mdomo.

“Mume wangu,” akasema, “leo wewe ni abiria.”

Tuliteleza mpaka lifti zikafungwa. Nilimwangukia Lorna, naye akacheka mpaka akashindwa kuinuka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Niseme kweli: pesa ilitoka, na sikufa.

Alhamisi, 19 Februari

Tunarudi nyumbani. Lorna yuko mbele, mkono wake gotini kwangu. Nimeapa mbele ya familia yote: ujanja basi, nimekoma. Watoto wakapiga makofi. Na nilimaanisha, kabisa, hadi kituo cha mafuta cha Miles City.

Pale, wenzangu walipokwenda msalani, nilimpigia simu Marisol. Kumshukuru tu! Katika mazungumzo likatoka lenyewe: harusi ikifungwa Lost Mule, ndugu wote wa bibi harusi wanapanda lifti bure siku mbili. Bure! Siyo nusu!

Nimeweka nafasi ya Februari ijayo. Malipo ya kwanza hayarudishwi, lakini ni kitu kidogo, na ipo kadi moja ambayo Lorna haijui. Marisol akataka majina. Bwana harusi, Emil Tschirhart. Bibi harusi, mama mkwe.

Wenyewe bado hawajaambiwa.