Nipeni Mbwa Mwenye Matatizo Mengi

Jumapili, 2 Juni

Kwako Daftari. Salamu nyingi sana. Natumaini hujambo. Sisi huku hatujambo. Baba Watoto hajambo, ila goti lake linalia kila akipanda kitandani. Kitindamimba wangu hajambo, anakula vizuri, anafunga milango kwa kishindo. Mwanangu mkubwa, Kinyozi, hajambo wa mwili, ila hana mke. Jirani yangu Mama Pazia naye hajambo, nitafanyaje. Sasa hivi pazia lake limetikisika. Mimi mwenyewe sijambo, ila moyo unanienda mbio.

Usinicheke kwa salamu hizi. Shuleni niliishia pale tulipofundishwa kuandika barua. Ya mbele siyajui. Kitindamimba ndiye aliyekuleta. Eti niandike wasiwasi wangu kwako, nisiwe nawagawia watu kabla hawajapiga mswaki.

Haya. Wasiwasi wa kwanza mpaka wa mwisho ni Kinyozi. Ana kibanda chake cha kunyoa. Mikono laini. Hana neno na mtu. Na ndiyo shida yenyewe, hana neno! Mwanamke akimsalimu, anaangalia viatu vya yule mwanamke mpaka aondoke navyo. Siku mimi na baba yake tukifumba macho, nani atamuuliza kama amekula?

Leo nimepata jibu! Nje ya duka kubwa kulikuwa na meza. Watu wa kujitolea, wale wanaookota mbwa waliotupwa, wakawatibu, wakawatafutia nyumba. Msichana mmoja kavaa mabuti ya mpira mpaka magotini. Mbele yake mbwa mzee, jicho limejaa tongotongo. Msichana akatoa leso yake akampangusa. Leso yake mwenyewe! Akamwambia pole, babu. Nikaganda pale na mfuko wangu wa vitunguu. Nikajisemea, kama mbwa anampangusa hivi, mama mkwe wake je?

Nikauliza, mtu akitaka mbwa anafanyaje. Wakasema hawagawi mbwa kama njugu. Kwanza Mwenye Mabuti anakuja nyumbani. Anaangalia uwanja, anakaa, anaongea na kila mtu wa nyumba. Na mbwa akishaletwa, wanaendelea kuja kumwona.

Jamani! Miaka yote natafuta namna ya kumwingiza msichana nyumba hii bila kuonekana nimemvuta mkono. Kumbe yupo anayekuja kwa miguu yake, na ni kazi yake!

Kikwazo kimoja kidogo. Kinyozi anaogopa mbwa. Alipokuwa mtoto, mbwa mmoja alimlamba sikio, akapata homa.

Jumanne, 4 Juni

Nimewapigia simu. Wakauliza nataka mbwa wa namna gani. Nikasema yeyote. Mkubwa au mdogo? Nikasema umbo si kitu, nipeni mwenye matatizo mengi. Wakauliza kwa nini. Nikawafafanulia, yule ambaye hawezi kukaa bila kutembelewatembelewa. Sauti ikauliza kama mimi mwenyewe niko sawa. Nikasema niko sawa kabisa, na nitashukuru akija yule wa mabuti, wengine wapumzike.

Baba Watoto nimemwambia tunaleta mbwa wa ulinzi. Akauliza alinde nini. Nikamwambia we ngoja tu. Kinyozi nimemwambia Ijumaa anakuja mtu wa kukagua mabomba ya maji, avae suti. Akauliza suti ya nini kwa mtu wa mabomba. Nikalia kidogo. Akasema sawa, Mama.

Ijumaa, 7 Juni

Amekuja! Gari lao limesimama nje, dereva kabaki humo humo. Mwenye Mabuti kavua mabuti mlangoni bila kuambiwa. Nikahesabu moyoni, hiyo moja. Kampa Baba Watoto shikamoo kwa kuinama. Hiyo nyingine!

Yeye akakagua uzio, mimi nikamkagua yeye. Akauliza mbwa atalala wapi. Nikasema chumba cha Kinyozi ni kikubwa, kina dirisha, na rangi ni mpya. Akauliza mchana nani atakuwa nyumbani. Nikasema Kinyozi hufunga kibanda mapema, hanywi, havuti, na soksi anafua mwenyewe. Akaniangalia. Nikampa kisu na kitunguu, nikamwomba anisaidie kidogo tu, mkono wangu unauma. Alikata vipande vyembamba kama karatasi. Na hakutoa chozi! Nusura nimkumbatie.

Nikamwita Kinyozi. Katoka na suti yake, shati limemkaba shingo. Msichana akamuuliza kwa upole kama anapenda mbwa. Kinyozi akatafuta viatu vya kuangalia. Havipo. Akaangalia soksi. Akasema mabomba yote yako vizuri.

Wakati huo huo nani kaingia? Mama Pazia, na kikombe, anaomba chumvi. Chumvi! Jana nimemwona kwa macho yangu akinunua chumvi. Akampima yule msichana kuanzia nywele hadi soksi. Najua anachofikiria. Na yeye ana mwanawe asiyeoa pale nyumbani, Fundi Friji, mkubwa kuliko wangu, na ana upara ambao mwanangu lazima auzunguke anapomnyoa.

Nikampelekea dereva chai ili asimharakishe mwenzake. Kijana mcheshi. Nikamuuliza kwa chini chini tabia ya yule msichana. Akasema mpole, mchapakazi, ila anakoroma kidogo. Kikundi hiki wanajuana kweli! Nikamuuliza, ana mtu? Akasema anaye, lakini mtu mwenyewe si wa maana sana. Nikamwambia basi tutamwondoa. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nimempenda bure yule kijana.

Jumamosi, 8 Juni

Mbwa kaletwa. Ni yule yule babu wa tongotongo! Pale mezani alikuwa amejikunja, kumbe akinyooka ni kama ndama. Manyoya yamesokotana kama zulia lililosahaulika kwenye mvua. Anaogopa miavuli, watu wanaopiga chafya, na milango. Kwa hiyo mlangoni anaingia kinyumenyume, asiuone. Kaingia, kageuka, kaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Baba Watoto, kakaa, katuangalia kama tumechelewa mkutano. Tumemwita Mheshimiwa.

Baba Watoto amekaa kwenye ndoo.

Kinyozi yuko juu ya friji. Ameuliza kutoka huko juu, je, huyu ndiye mtu wa mabomba?

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Mbaya!

Nilijua leo wanakuja kumwona mbwa. Nikafikiri, Mwenye Mabuti akimkuta Mheshimiwa anampenda Kinyozi, kazi imekwisha. Kwa hiyo nikaweka kipande cha nyama mfukoni mwa suti ya Kinyozi. Kwa siri. Mfuko wa nyuma.

Hodi. Nikafungua kwa tabasamu langu lote. Dereva! Peke yake!

Nyuma yangu nikasikia kitambaa kinachanika. Mheshimiwa kapata harufu. Kinyozi kapita karibu yetu na nusu ya suruali, karuka ukuta, kaangukia kwa Mama Pazia. Tukasikia mbwa mwingine anabweka huko huko! Kinyozi karudi juu ya ukuta kwa kasi kuliko alivyokwenda.

Mama Pazia naye kachukua mbwa! Ananiambia juu ya ukuta, eti tangu utotoni yeye na mbwa damu damu. Mwanamke ambaye ufagio wake hauna nywele kwa kupiga mbwa wa watu! Eti Mwenye Mabuti kanywa kwake vikombe viwili. Nikamwambia hongera, labda alikuwa na kiu baada ya kuongea na wewe.

Kuhusu dereva. Amenieleza, Mwenye Mabuti huja ile mara ya kwanza tu, kukagua nyumba. Baada ya hapo mwenye kutembelea mbwa ni yeye dereva. Nikamuuliza, sasa ili yule msichana aje tena inakuwaje? Akasema labda uchukue mbwa mwingine, Mama, akacheka.

Nikamwambia niletee mwingine.

Jumatano, 12 Juni

Baba Watoto amefanya mgomo kwenye ndoo. Anasema kiti kimoja kimetosha, mbwa wa pili atachukua ndoo.

Kitindamimba kanijia jikoni. Eti, Mama, umeshamuuliza huyo dada mwenyewe? Nikamwambia akaoshe vyombo, haya ni mambo ya watu wazima.

Jicho la Mheshimiwa linahitaji dawa. Baba Watoto na goti lake haendi popote, kwa hiyo nimemtuma Kinyozi duka la dawa lile la kona. Karudi bila dawa. Anasema alisahau alichotumwa. Kaenda tena. Karudi na dawa, kaacha kofia. Kafuata kofia. Karudi na kofia, anasema alisahau kuuliza dawa inatiwa vipi. Kaenda tena, na safari hii kapiga pasi shati.

Mwanangu jamani. Upweke umeanza kumla akili.

Ijumaa, 14 Juni

Leo sijui niandike vipi.

Mwenye Mabuti kaja kukagua kwa ajili ya mbwa wa pili. Nilikuwa nimefua mapazia, nimepaka nta kwenye meza, nimemfungia Mheshimiwa chumbani. Kinyozi katoweka. Kibandani hayupo, nyumbani hayupo. Aliyefika ni Mama Pazia! Nyuma yake Fundi Friji, kajipulizia manukato mpaka Mheshimiwa akapiga chafya ndani, akajiogopa mwenyewe, akaanza kulia.

Mwenye Mabuti akakaa. Akapokea kikombe. Akasema, Mama, mume wangu ananiambia kila siku chai yako haina mfano.

Mume!

Nikageuka nikitafuta mume. Nikaangalia nyuma ya mlango. Msichana akaonyesha dirishani. Dereva kainua kikombe changu, ananipungia.

Ardhi ingepasuka ningeshukuru. Nikakumbuka yote niliyomwambia yule kijana. Kwamba tutamwondoa huyo mtu asiye na maana! Kwamba nikipata wajukuu watatoka na mgongo wa mama yao! Nikamtazama Mama Pazia. Yeye kakaa chini sakafuni, taratibu, kama nguo iliyoanguka kambani. Kumbe na yeye alimpelekea chai dereva! Tumeshikana mikono. Mara ya kwanza tangu ujengwe ule ukuta.

Mwenye Mabuti akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso ile ile. Hakukasirika hata kidogo. Akasema nyumba nyingi amekagua, lakini nyumba ambayo mama anahangaika hivi kwa ajili ya mtoto wake, hapo mbwa hatalala njaa. Amenikubalia mbwa wa pili. Ningekataaje? Ni kadogo, kanabwekea mkia wake mwenyewe. Baba Watoto kampa ndoo bila ubishi.

Usiku mwema, Daftari. Sina mkwe. Nina mbwa wawili.

Jumapili, 16 Juni

Sikiliza. Kaa vizuri.

Mchana nilikuwa naanua shuka uani. Nikasikia mashine ya kunyolea. Nikasimama nyuma ya shuka. Sikuwa nasikiliza, masikio tu yalikuwa huko.

Kinyozi kachuchumaa, kamshika Mheshimiwa kidevu, anamnyoa ile mikunjo ya manyoya! Mkono hautetemeki. Kumbe chini ya lile zulia kuna mbwa mwembamba, ana kovu, na kamlalia Kinyozi gotini kafumba macho.

Na Kinyozi anaongea. Anaongea, Daftari! Maneno mengi, yamefuatana! Anamwambia mbwa habari za dada wa duka la dawa. Eti alipomsimulia ya suti na mabomba, dada yule alicheka mpaka akaangusha chupa. Eti ameomba aletewe Mheshimiwa amwone hilo jicho. Eti siku ile ya Ijumaa alipotoweka alikuwa huko. Eti anapomwangalia usoni, haangalii tena viatu. Halafu akainama karibu na sikio la mbwa, yeye aliyeugua kwa kulambwa sikio, akasema tusimwambie Mama kwanza. Nampenda Mama, lakini akijua ataenda kumpa kitunguu akate.

Nimelia kwenye shuka safi. Mwanangu ana maneno! Alikuwa nayo siku zote, alikosa wa kumwambia asiyemkatiza.

Kwa hiyo nimeapa. Safari hii sitatia mkono. Sitatia hata kidole. Wataenda taratibu kama wanavyotaka wenyewe. Nitanyamaza kama maji mtungini.

Nimenyamaza mpaka chai ya jioni.

Halafu nikampigia dereva. Nimemuuliza tu, kwa jumla, kama wana mbwa mwenye ugonjwa wa ngozi. Anayehitaji dawa nyingi, za kuisha haraka, za kwenda kununuliwa kila mara. Akasema yupo mmoja, hana hata unyoya mgongoni. Akauliza, safari hii ni nani, Mama? Nikasema sielewi anazungumzia nini.

Na tangu saa ile kifua kinanibana kidogo. Kesho asubuhi nitapita mwenyewe duka la dawa, kama mgonjwa mwingine yeyote. Mama Pazia ameniambia juu ya ukuta kwamba na yeye ana kikohozi, tutaongozana. Kisu nimekifunga kwenye kitambaa, kiko kwenye mkoba. Si kwa nia mbaya. Nataka kuona anavyokata, basi.

Ni hayo tu, Daftari. Baba Watoto anakusalimu kutoka sakafuni. Kitindamimba anakusalimu, Mheshimiwa anakusalimu, na kale kadogo kanabweka. Nimekuandikia wiki mbili nzima hujanijibu hata neno. Nijibu upesi, kabla duka la dawa halijafunguliwa. Kitunguu kimoja kinatosha, au nibebe viwili?