Greda Lenye Umbea

Jumatatu, 1 Agosti 1994. Kambi ya barabara, Kiabakari.

Nimeumbuliwa na mashine! Greda jipya la kampuni limeletwa kutoka Mwanza. Lina kioo kidogo mbele ya usukani, na likiumwa linaandika namba. Saa nne likaandika 21. Injinia Stanislausi akauliza maana yake. Nikamjibu, bila kusita, kwamba zimepita saa ishirini na moja tangu libadilishwe oili. Ndipo Hyasinta, fundi mwenzangu, binti wa miaka ishirini na sita, akafungua kitabu kilichokuja na greda, akasema 21 ni chujio la hewa limeziba. Wakalifungua. Vumbi likamwagika! Opereta Chacha alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi Burito! Mwaka 1983 nilitembeza katapila kule Suguti siku arobaini bila spea hata moja. Tanki lilitoboka, nikaliziba kwa sabuni ya mche, wakati watu hawana sabuni ya kuogea! Gia boksi ikipiga kelele, ndizi mbivu mbili ndani, kimya. Namba gani ilinisaidia?

Baya zaidi: Jumapili kambi inahamia Bunda, na Injinia anataka fundi mmoja tu. Atachagua Jumamosi. Mimi nilishapunguzwa kazi serikalini mwaka juzi. Miezi minane nyumbani, nalishwa na dagaa wa mke wangu Nyangi. Hakunisema hata siku moja, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Sirudi huko.

Jumanne, 2 Agosti

Kitabu nimekichukua. Sijaiba, nimekihifadhi. Kiko nyumbani ndani ya pipa la unga wa muhogo. Tuone binti atasoma nini!

Mchana greda likaandika 16. Nikakunja mikono, nikasubiri aibu yake. Hyasinta akatoa daftari nene, akapekua, akasema maji ya rejeta yamepungua. Na kweli yamepungua. Daftari! Amenakili kitabu kizima kwa mkono, mpaka michoro, mpaka rangi za nyaya kwa penseli! Nikamuuliza alikuwa na haja gani wakati kitabu kipo. Akasema, "Baba, shuleni kwetu kitabu kilikuwaga kimoja, wanafunzi arobaini na tano. Ukikipata unakopi kabla hakijapotea." Aliposema "hakijapotea" aliniangalia mimi. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Jumatano, 3 Agosti

Jana jioni nilikisoma hicho kitabu. Kiingereza chake ni kigumu, nimeng'ang'ana nacho kurasa tatu kichwa kikauma. Lakini namba 34 ina sentensi fupi na picha: waya wa kipima joto cha gia boksi umechomoka. Nikapata wazo. Nikiuchomoa mwenyewe, kisha nikaugundua mwenyewe mbele ya Injinia, nani atauliza tena fundi ni nani?

Ila ilinipasa kubaki peke yangu na greda. Nikatangaza kwamba nafunga mpaka kesho, nina nia yangu ya sala. Kambi nzima ikaniheshimu! Mpishi wetu Dorotea akaomba nimkumbuke na yeye. Wakaenda kula ugali na sato, na harufu ikanifuata mpaka kwenye greda. Unyama! Nikawasha swichi, nikachomoa: 34. Nikachomeka: imefutika. Nimefanya mazoezi mara saba, mpaka vidole vikazoea njia.

Alhamisi, 4 Agosti

Siku yangu! Wakiwa wanakula, nikachomoa. Chacha akarudi, greda likagoma kutoka gia ya kwanza. Akalizima kwa hasira bila kutazama kioo, Injinia akaitwa. Nikaweka sikio kwenye gia boksi. Nikaonja oili kwa ulimi. Nikafumba macho kidogo. Nikatangaza: namba 34, waya wa joto. Chacha akauliza nimeijuaje na kioo kimezimwa. Nikamjibu kwamba huo unaitwa uzoefu. Nikaingiza mkono, tik, greda likanguruma! Injinia akanipa mkono mbele za watu.

Hyasinta peke yake hakupiga makofi. Akasema kwa upole kwamba greda hili hutunza kumbukumbu ya kila ubovu, pamoja na saa ya injini ulipotokea, na kwamba Injinia akitaka atamwonyesha Jumamosi. Umbea ulioje! Mashine gani hii inayoandika mambo ya watu? Saa ya kufungua Dorotea aliniwekea samaki mzima. Sikuweza kummeza.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimelitibu. Redio ya Nyangi ukiitoa betri inasahau hata saa. Basi alasiri, wenzangu wakifunga mizigo, nikatoa betri zote mbili za greda, nikaziweka chini robo saa nzima, nikazirudisha. Limesahau. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 6 Agosti

Fedheha!

Injinia akabonyeza vitufe kama Hyasinta alivyomwelekeza, na greda likaanza kusema. 34, mara nane! Mara saba kwenye saa ya injini 412, mara moja kwenye 419. Akafungua daftari la opereta. Chacha, ambaye hata kukohoa anaandika, ameandika kwamba alisimama kwenda kula Jumatano ikisoma 412, na Alhamisi ikisoma 419. Na chini kabisa kioo kikaonyesha kwamba jana betri zilichomolewa! Greda linakumbuka hata lilivyosahaulishwa!

Injinia akauliza ni nani hakuwepo kwenye chakula siku hizo mbili. Dorotea, mama wa watu, akanitetea kwa moyo wote. Akasema Burito asishukiwe kabisa, maana siku zote mbili alikuwa anasali peke yake, pale pale karibu na greda.

Nikaambiwa nikabidhi spana. Nikakabidhi. Akilini nilimwona Nyangi akipima dagaa kwa kopo, ananyamaza.

Ndipo Hyasinta akasema kwamba katapila kuukuu nalo linakwenda Bunda, halina kioo wala namba, na yeye hajui pa kuanzia. Akasema bila mzee Burito hawezi. Injinia aliniangalia vibaya. Mwisho akakubali: fundi ni Hyasinta, mimi msaidizi wake.

Msaidizi! Wa binti aliyezaliwa nimeshashika spana! Lakini nakwenda. Nilipomweleza Nyangi, alishukuru Mungu. Sikumweleza yote.

Jumapili, 7 Agosti. Bunda.

Tumefika. Hyasinta amenipa daftari jipya na penseli za rangi, ninakili namba kumi kila siku. Leo nimenakili mbili. Sina muda, nina mambo ya kufikiri.

Nasema ukweli: binti yule ameniokoa, na mimi si mtu wa kusahau wema. Njia nzima nimelichunguza kosa langu, na nimeliona. Mazoezi yalizidi! Mara saba! Mara moja ingetosha kabisa.

Jumanne Injinia anakuja kumkagua Hyasinta. Binti wa watu, ugenini, ukaguzi wa kwanza, na greda halina tatizo lolote. Ataonyesha ufundi wake kwa kitu gani? Nimeshaona waya wa bluu chini ya tanki, umejificha vizuri. Nitauchomoa mchana wakienda kula. Safari hii sifungi, nitasema tumbo linaniuma. Simwambii chochote mpaka apongezwe.