Kuhusu Kuihamisha Kompyuta ya Ng'ombe kutoka Mazwi kwenda Mollo

Chumba cha Kompyuta,
Mazwi, Sumbawanga.
11 Agosti, 1998.

Ndugu Meneja Abdulnasir,

Kwa umri wewe ndiye ungeniamkia mimi, lakini barua ya kikazi haina mvi, kwa hiyo shikamoo.

Ni mimi Flavian, mtunza kompyuta ya kampuni. Tangu watu binafsi waruhusiwe kuendesha minada, mashine hii ndiyo yenye orodha ya ng'ombe wote wa wateja wetu, kila ng'ombe na mwenyewe. Nimesikia, si kwa barua bali kwa Coleta anayefagia, kwamba Jumamosi itahamishiwa jengo jipya la Mollo. Kwa heshima zote, napinga, na sababu zangu ni hizi.

1. Kamati ya Uhamisho ina watu saba, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba chumba cha kompyuta huingiwa bila viatu. Mwenyekiti wao, Ndugu Shedrack wa stoo, aliingia na mabuti ya shamba, akaipima mashine kwa kamba ya kufungia mbuzi, akatoka. Mashine ilizimika palepale. Wao wanasema umeme ulikatika mji mzima. Kama buti linaweza kuzima mji mzima, basi hatari ni kubwa kuliko nilivyodhani.

2. Kamati imeamua kuigawa hatari. Sipiyu itapanda pikapu, kioo kitapanda pikipiki, kibodi itakwenda kwa baiskeli, na kipanya kitakaa katika mkoba wa Herieth wa mapokezi, ili gari likipinduka tusipoteze vyote. Wazo zuri, nalisifu. Nikauliza kumbukumbu zenyewe zitapanda nini. Nikajibiwa zimo zote ndani ya sipiyu. Basi hapo kilichogawanywa ni plastiki.

3. Kamati inadai hatuna nakala. Hili limeniuma sana. Nakala zipo, disketi kumi na mbili. Kila moja niliigonga muhuri wa kupokelewa, nikaitoboa matundu mawili katikati kwa panchi, nikaifunga kwa tagi ndani ya jalada, kama nilivyofundishwa masijala kwa miaka kumi na tisa. Haziwezi kudondoka hata jalada ukiligeuza juu chini.

4. Neno la siri la kufungulia mashine nalijua peke yangu, na bado Kamati haikunipangia chombo cha usafiri. Nikiugua njiani je? Napendekeza nusu ya neno apewe Herieth na nusu apewe Shedrack. Wawili hao hawajasalimiana tangu Pasaka, kwa hiyo siri haitavuja. Wakipatana, nijulishwe haraka nibadilishe neno.

5. Kamati imeagiza orodha isibadilike kwa siku tatu za uhamisho. Agizo hilo limebandikwa ukutani kwetu, ng'ombe hawajalisoma. Naomba litangazwe uwanda wote wa juu na bondeni hadi Mtowisa kwamba kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ng'ombe asizae, asife, asiuzwe wala kutolewa mahari. Atakayezaa kwa bahati mbaya, mwenyewe aandike barua ya kujieleza.

6. Nimechunguza na kugundua kwamba hatari zote zinatokana na kitu chenye kumbukumbu kusafiri. Tofali halina kumbukumbu. Kwa hiyo jengo la Mollo libomolewe kwa uangalifu, liletwe Mazwi, na lijengwe upya kuizunguka kompyuta hapa ilipo. Kiwanja ni kidogo, lakini majirani ni watu wazima, wanaweza kuhama wenyewe.

7. Hili la mwisho silifanyii mzaha, wala hayo mengine sikuyafanyia. Yupo mteja wetu Minza, mjane wa Mtowisa. Marehemu mumewe aliwaandikisha ng'ombe arobaini kwa jina la Minza, na maandishi hayo, yaliyoingia baada ya disketi kufungwa jaladani, yamo ndani ya mashine hii tu. Sasa shemeji yake anawadai wote, anasema ni mali ya ukoo, na baraza la kata linakaa wiki hii. Minza alikuja hapa kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akavua kandambili mlangoni bila kuambiwa, akaniuliza kama jina lake bado limo. Nikamwambia limo. Ndugu Meneja, naogopa. Mashine ikiharibika barabarani, mama yule hana kitu tena duniani, na aliyemhakikishia ni mimi. Bila kompyuta hii, hakuna atakayejua ng'ombe wale ni wa nani.

Naamini Kamati itavunjwa kabla ya Jumamosi.

Nisalimie Mzee Zubery, Bi Kulsumu, Hamida na mtoto wake mchanga, madereva wote, na hata Shedrack, lakini yeye msalimie akiwa nje.

Wako anayelinda kumbukumbu,
Flavian

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, ameingia Enock, dereva wa lori la mpunga, akitokea Mtowisa. Baraza lilikaa jana na halikungoja orodha yetu. Wazee walifungua zizi, wakamwambia shemeji awaite ng'ombe wake. Akaita mpaka sauti ikakauka, wakaendelea kucheua. Minza akawaita mmoja mmoja kwa majina, wakatoka wote arobaini wakamfuata hadi mtoni. Kesi imekwisha, ng'ombe ni wake. Ananisalimu, na anauliza kama kompyuta nayo ukiiita inakuja. Ihamisheni tu.