Mwanamke wa Namba Ngeni

Jumatatu, 6 Mei

Na isitoshe, mke ni mimi! Wifi ni dada mtu tu, tena mwenye nyumba yake ng'ambo ya ua, na cherehani yake, na wateja wake. Lakini kila mchana ndiye anayeongea na mume wangu. Bure! Wako mtandao mmoja, na watu wa mtandao ule wakipigiana hawalipi kitu mpaka jua lizame. Mimi niko mtandao mwingine. Nikimpigia Asali, salio linakata roho kabla sijafika kwenye "nimekukumbuka".

Leo wifi alikaa kwenye ngazi yake, simu begani, anakunja pindo la gauni la mtu, anacheka. Kisha akaniita kwa sauti ya huruma kunijulisha kwamba kaka yake yuko ndani ya chumba cha baridi cha machinjio na meno yanamgongana. Meno ya mume wangu! Habari zake naletewa na mtu mwingine! Nikamshukuru huku nimeuma ulimi.

Asali ni fundi wa majokofu. Akirudi jioni mikono yake ni baridi, moyo wake moto. (Nimeipenda hii. Nitamwandikia kwenye kadi.)

Ndipo nikakumbuka. Simu yangu! Kaka aliyenizawadia siku ya harusi alisema zamani ilikuwa imefungwa kwa mtandao mmoja tu, akaipeleka kwa mafundi ikafunguliwa, sasa inakubali laini ya mtandao wowote. Siku ile nilikuwa nalia kwa furaha, sikumsikiliza. Sasa ndiyo nimemsikia.

Mpango: kununua laini ya mtandao wa Asali, kimya kimya. Kumpigia akiwa kazini. Yeye aruke kwa furaha. Wifi abaki na cherehani yake.

Jambo moja tu. Mama mkwe hajanikaribisha kwake tangu harusi. Asali anasema wiki hii atanipigia mwenyewe, maana mama yake hamwaliki mkwe kwa kutuma salamu. Naingoja simu hiyo kama matokeo ya mtihani. Lakini kubadilisha laini ni kazi ya kupepesa jicho. Mama hatajua.

Jumanne, 7 Mei

Laini ninayo! Fundi simu wa pale kona aliniuliza kama nina kipini cha kufungulia. Sina, na chake kimepotea. Nikavua hereni ya harusi, nikaichomeka kwenye kitundu, kitrei cha laini kikatoka. Hereni imepinda. Mapenzi hayaji mikono mitupu.

Simu yangu ina nafasi ya laini moja. Ya zamani nikaifunga kwenye pembe ya leso, mpya ikaingia. Mtandao: hakuna hata kijiti kimoja! Fundi akaizima, akaiwasha, vijiti vikasimama vyote kama askari. Lakini intaneti ikagoma. Akanieleza kwamba simu iliyofunguliwa ni kama bibi harusi: imehamia nyumba mpya, bado inatafuta chumvi pale mama yake alipokuwa akiiweka. Lazima ielekezwe. Nikaona haya, maana jana nilitafuta chumvi hivyo hivyo. Akaandika mipangilio mipya, ikakubali. Akanionya pia kwamba majina yote niliyahifadhi kwenye laini ya zamani, huku nitaona namba tupu. Nikamcheka. Namba ninayoihitaji ni moja, na iko moyoni.

Mchana nikampigia Asali. Hakupokea. Nikapiga tena. Na tena. Nikatuma ujumbe: "Nakuwaza tangu ulipotoka asubuhi. Lile koti la buluu limekukaa! Hebu bahatisha mimi ni nani." Na vimoyo vyekundu, mstari mzima. Nikasubiri kidogo, nikapiga. Namba yangu imezuiwa!

Kumbe! Wiki ile ya harusi nilimwapisha, mkono wake juu ya kipande cha keki kilichobaki, kwamba hatapokea kamwe simu ya namba asiyoijua. Nilisikia kuna wanawake siku hizi hawana haya.

Nikairudisha laini ya zamani kabla hajafika, kwa hereni ya pili. Nayo imepinda.

Amerudi amenywea. Akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti. Akasema kuna mwanamke anamwandama. Anamjua mpaka koti lake! Akaniomba nimwamini, hakupokea hata mara moja, keki shahidi. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulishafunguka! Lakini alikuwa anatetemeka kwa uaminifu, mzuri mno, nikaona nimwache atetemeke kidogo. Nikamkumbatia nikasema nimemsamehe.

Kesho nitamwambia.

Jumatano, 8 Mei

Sijamwambia. Ameniletea sabuni ya kunukia, fidia ya usumbufu. Ameosha na vyombo. Nani anaua kuku anayetaga?

Tena wifi amekuja kujiunga na jeshi langu! Asali amemsimulia. Alisimama mlangoni na mkasi mkononi, akasema huyo mwanamke wa namba ngeni athubutu tu, atamkata nywele zote na nyusi juu yake. Akaniachia mkasi wake mzuri, ule usioguswa na mtu, niwe nao kwa usalama. Mchana hakucheka kwenye ngazi. Nimeshinda pande zote!

Nilirudisha laini mpya, kuona tu kama Asali amenifungulia. Kuitoa ya zamani ilibidi niibembeleze kwa ncha ya mwisho ya hereni, ikakatikia mle mle. Hajanifungulia. Mume wangu chuma!

Sasa kitrei hakitoki. Si neno. Nitaenda kwa fundi kesho.

Alhamisi, 9 Mei

Namba ngeni imenipigia. Nikapokea hapo hapo, huenda ni Asali ameazima simu ya mtu.

Kicheko cha Asali kilikuwa kinalia jikoni kote. (Ndio mlio wangu wa simu. Nilimrekodi siku tuliyounganisha kabati la nguo, milango yote ikatazama ukutani.) Nikakikatiza kwa "halo" tamu kuliko zote nilizonazo.

Sauti ikauliza kama mimi ndiye mwanamke wa koti la buluu.

Mama mkwe! Kumbe Asali amemsimulia na yeye, akampa namba.

Nikabana pua. Nikasema ndiye. Sijui kwa nini. Pua ilishabanwa.

Akanipa zangu. Kwamba mwanawe ana mke. Kwamba mke mwenyewe anaunguza hata maji, anacheka kama bawaba isiyotiwa mafuta, na siku ya harusi alipokuja kumwamkia alimkanyaga mguu. Lakini mwanawe alikuwa mtu wa kula mkate amesimama, na sasa anakaa chini kama binadamu. Zamani akipiga simu alisema yu mzima, akakata. Sasa anapiga akiimba. Kwa hiyo atakayemgusa yule binti, amemgusa yeye mboni ya jicho.

Nikalia. Ningefanyaje? Nililia huku nimebana pua, sauti ikatoka kama ya bata.

Kisha mama mkwe akaniambia basi, usilie mwanangu. Akauliza kama nina mama. Nikasema ninao, wawili. Akasema basi yeye ni wa tatu. Nimwache mume wa watu, wangu yuko njiani.

Ningekata pale! Lakini mama akashusha pumzi, akasema ana lake moyoni. Tangu jana anampigia huyo mkwe wake amwalike, hapatikani. Anafikiri labda binti ana maringo. Akaniuliza mimi, mtu baki, ninaonaje.

Nikajitetea kwa nguvu zangu zote! Nikasema mabibi harusi wengi simu zao husumbua. Akasema nina busara kwa mtu mwenye tabia yangu. Basi atampigia mara moja tu tena, kesho jioni. Akimkosa, yamekwisha, hatabembeleza mtoto wa mtu.

Nimekimbia kwa fundi simu. Kibanda kimefungwa. Kikaratasi mlangoni: "Nimekwenda kuposa." Haya ni mapenzi ya namna gani, ya kufunga duka?

Ijumaa, 10 Mei

Nimejaribu kijiti cha fagio. Jino la uma. Unywele wa brashi. Jino langu. Kitrei kimetulia kama kimejengewa. Sindano ya wifi ingefaa, lakini angeuliza ya nini, na mkasi ninao mimi.

Nilijiona tayari: mkwe mwenye maringo, asiyealikwa, akitazama picha za nyumba ya mama mkwe kwenye simu ya wifi. Kwa ajili ya meno kugongana! Jua likaanza kushuka. Nikaketi jikoni, simu kwenye mfuko wa aproni, nikaunguza maharage.

Asali akarudi mapema. Nilimwona dirishani. Alisimama uani, akakohoa, akanyoosha koti, akapiga namba. (Baadaye aliniambia: mama alimsimulia kwamba yule mwanamke alilia, akamwonea huruma. Akamfungulia ili amwombe kistaarabu aendelee na maisha yake.)

Kicheko chake mwenyewe kikamcheka kutoka kwenye aproni yangu.

Akatazama mlango. Mimi nikatazama sufuria. Kicheko kikaendelea. Hakikuwa na dalili ya kuchoka.

Nikapokea. Nikasema, "Halo, mpenzi."

Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na koti lake la buluu. Wifi akatoka mbio akiuliza huyo mwanamke yuko wapi, akadai mkasi wake. Asali akaninyooshea kidole, hawezi kusema. Wifi akanitazama juu mpaka chini. Akasema pole sana, kaka, kumbe ulioa wawili. Akachukua mkasi akaenda zake, mabega yanamtikisika.

Nikamweleza Asali habari ya mama, maneno yakipandana. Akaacha kucheka papo hapo. Akafungua sanduku lake la kazi, akatoa waya mwembamba kuliko wote, akashika simu kama anashika kifaranga. Kipande cha hereni, tiki! Kitrei, tiki! Laini ya zamani ndani. Hata jua halijazama vizuri, kicheko kikalia tena.

Nilipokea kwa pua iliyo huru. Mama mkwe ametualika! Atanionyesha mwenyewe jinsi ya kuchemsha maji.

Jumapili, 12 Mei

Furaha gani hii! Asali amehamishia majina yote ndani ya simu, laini mpya inakaa humo, na ile ya zamani amenipa kijisimu chake cha kitufe niiweke. Jana mchana tuliongea mpaka sikio likawa jekundu. Hatukuwa na la kusema. Nilisikiliza meno yake.

Amenishauri nimweleze mama mkwe mapema kwamba mwanamke yule ni mimi, mwenyewe ni mtu wa kucheka. Nikakubali kabisa. Mume ni kichwa. Niliapa pia, mkono juu ya sanduku lake la kazi, kwamba siri na mipango sasa basi.

Leo Asali yuko kwa kinyozi, simu kubwa, yenye laini mpya, imelia. Safari hii jina likaonekana: Mama Mkwe. Hii ndiyo nafasi, nikajiambia. Sema, mwanamke!

Nikabana pua.

Alitaka tu kujua binti yake mlia machozi anaendeleaje. Hajalala vizuri akiniwaza. Kisha akaniambia ameniangalizia mtu: mpwa wake, dereva wa lori, mpole, meno yote yake. Nipite nyumbani wakutane, chakula kitakuwepo. Sasa mtu aliyekuita mboni ya jicho lake unamkatalia kwa ulimi upi? Tutaenda kwanza na Asali, kama mkwe. Kisha nitarudi peke yangu. Miwani ninayo, na wifi ana ushungi mkubwa wa zambarau. Nikimfagilia ua ataniazima. Huyo dereva nitamkataa kwa adabu, na mama hataumia.

Nikamwambia, kwa pua, aondoe shaka na asafishe vyombo vya wageni: nitakuja kumwona, mama yangu, kabla mwezi huu haujaisha.