Mchicha Katikati ya Uwanja

Jumatatu, 3 Machi
Uwanja mpya wa shule umekwisha kutandikwa. Nyasi bandia! Miaka yote nimekata nyasi hapa, leo wameleta zisizoota. Mashine yangu imefunikwa turubai stoo. Mwalimu Mkuu kasema Jumatatu ijayo atatangaza nani atabaki na kazi gani. Mlinzi wa geti, tunayemwita Redio kwa sababu neno halimkai tumboni, kanipa pole mara mbili kabla ya chai. Sikumwomba hata moja.

Nilikwenda kuutazama uwanja kwa nia ya kuutukana. Nikashindwa. Jamani, ni mzuri! Fundi kanieleza kwamba nyuzi zake zimetokana na miwa. Badala ya chembe za matairi wamemwaga makumbi ya nazi yaliyosagwa. Ukichakaa, unarudishwa kiwandani unafanywa mwingine. Nikavua viatu, nikatembea. Nimekwisha!

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kasema nimwendee Mwalimu Mkuu nimwulize waziwazi, kuuliza si ujinga. Yeye hajui mambo ya ofisi. Mimi nina mpango. Uwanja ukiota magugu, ataitwa nani? Mimi! Nyasi huchelewa kuota, lakini mchicha haukawii. Nimechota konzi mbili za mbegu kwenye kopo lake la jikoni. Nimezipanda uwanjani Redio akiwa kwenye taarifa ya habari. Akili ni mali.

Ijumaa, 7 Machi
Umeota! Wote! Makumbi yale yanashika maji ajabu. Bustani ya mke wangu, pamoja na samadi yake yote, haijawahi kutoa miche yenye afya hivi. Kasoro ni moja. Mkono wangu umezoea bustani. Nimepanda kwa mistari.

Redio katangazia shule nzima kwamba tumepata magugu yenye adabu, yanapanga foleni.

Jioni wasichana walicheza mpira, wakiiruka miche. Binti yangu alianguka mara tatu, akainuka akicheka. Kwenye uwanja wangu wa zamani angerudi nyumbani magoti yanavuja damu. Nilifurahi, kisha nikaona haya.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeitwa ofisini. Mezani, mche wa mchicha ndani ya kikombe. Mwalimu Mkuu kasema kazi ya kutunza uwanja ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza. Kumbe nyasi hizi nazo zinataka mtu! Zipigwe brashi, zimwagiwe maji, majani yaokotwe. Fundi mwenyewe aliomba niwe mimi. Walikuwa wanangoja brashi ifike tu.

Nikashukuru, nikashika kitasa cha mlango. Akaniuliza kama najua magugu yanayoachiana nafasi ya shubiri moja. Nikasema huenda ni upepo. Akasema mke wangu, aliyepelekewa mche na Redio, amekwisha kuutambua, na anauliza mbegu za kopo lake zimekwenda wapi.

Nimeng'oa mmoja mmoja, nimepiga magoti, watoto wakinishangilia. Mke wangu alinifuata na kapu. Magoti yangu hayakuchubuka hata kidogo. Uwanja wa ajabu ule!

Jumanne, 11 Machi
Brashi imefika. Nimepita nayo mara moja tu, nyuzi zote zikasimama, kijani kitupu mpaka ukutani. Nimesimama katikati nikitabasamu peke yangu. Sijawahi kutunza kitu kizuri hivi.

Lakini nilimaliza kabla ya mapumziko! Redio kasema mwenye kazi nyepesi hivyo hakawii kupunguzwa. Mke wangu kasema nimwulize Mwalimu Mkuu. Masikini, hajifunzi.

Nyuma ya goli kuna mti mkubwa, majani tele. Kesho alfajiri nitaupanda niutikise kidogo. Safari hii hakuna mistari.