Vita vya Ujumbe wa Perogi

Haya, sogeeni, mliokaa na mliosimama, zimeni hiyo televisheni, leo nawapa habari za Darcy Wasylyk, simba wa kibodi, mwana wa Winnipeg yenye baridi, aliyeingia vitani ili watu wajulishwe kwamba perogi zimeiva. Msicheke.

Kila Ijumaa akina mama wa ukumbi wa kanisa wanakanda unga, wanaujaza viazi na jibini, wanachemsha, ndizo perogi hizo, na mfumo wa Darcy unawaita walioagiza. Mfumo wenyewe kauunga kwa huduma tatu za mtandaoni: moja inapokea oda, moja inatuma ujumbe, na ya tatu ni askari wa akiba, ya pili ikianguka ishike bendera. Ijumaa iliyopita ile ya kutuma na akiba yake zikaanguka kwa mpigo. Ujumbe ukafika Jumamosi, perogi zimeshakuwa mawe.

Bibi Stefka, amiri jeshi wa jikoni, mwenye unga hadi viwikoni, akamwita.

"Kijana, Ijumaa hii ndiyo ya mwisho. Ikikwama tena, mashine yako kwaheri, tunarudi kupigiana simu."

"Bibi, zile huduma mbili ndizo zenye kasi kuliko zote."

"Kasi ya kwenda wapi?"

Lo, neno hilo lilimchoma shujaa kuliko mkuki. Akarudi kwenye kompyuta, akazichimbua zile mbili. Majina mbalimbali, rangi mbalimbali, kila moja inajisifu haijawahi kusinzia, kumbe zote zinaishi kwenye seva zilezile, jengo moja, umeme mmoja! Askari na akiba yake wanalala kitanda kimoja; nyumba ikiungua, wameungua wote.

Basi akazipima nyingine mwenyewe, matangazo yao kayaweka pembeni. Kulikuwa na moja ya mji wa Halifax, nzito, ujumbe wake unajikokota kama mzee kwenye barafu, lakini ina seva zake yenyewe na haikupoteza ujumbe hata mmoja. Akaifanya akiba. Wenzake kazini wakamcheka, eti kaacha farasi kaoa kobe.

Ijumaa ikafika na theluji yake. Perogi zikaelea juu ya maji, yaani zimeiva, na Darcy, mbele ya jeshi zima la aproni, akaizima ile huduma ya kutuma ujumbe kwa mkono wake.

"Umeiua?" akauliza Bibi Stefka.

"Nimeiua, bibi. Tuone nani anashika bendera."

Sufuria zinatokota. Kobe wa Halifax yuko njiani. Bibi Stefka akajifuta mikono, akanyoosha mkono kuichukua simu ya ukutani.

Mlango ukafunguka. Jamaa mmoja, theluji hadi magotini, bakuli mkononi, akauliza kama ni kweli zimeiva, maana ameona ujumbe. Nyuma yake foleni hadi barabarani.

Bibi Stefka akapakua sahani ya kwanza, ile ambayo tangu ukumbi ujengwe ni ya padri tu, akamsukumia Darcy.

Andikeni, enyi wenye kalamu, vizazi visome: siku hiyo padri alisubiri.